Maiki Moja Inatosha: Maoni Yetu Kuhusu Kumrekodi Mwimbaji na Gitaa Lake



Siku hizi tunapokea nyimbo nyingi kupitia makundi ya simu ya parokia na ya jumuiya ndogo ndogo: mtu mmoja, gitaa moja, zaburi moja. Ni jambo jema, tena linakua. Lakini tuseme ukweli kwa upendo. Katika nyingi ya rekodi hizo maneno hayasikiki. Gitaa linavuma kama pipa tupu na sauti ya mwimbaji imezama humo ndani. Au ni kinyume chake: sauti imebandikwa sikioni mwa msikilizaji hadi anasikia mate yakimezwa, huku gitaa likilia kwa mbali kama liko chumba cha jirani.

Maoni yetu ni kwamba tatizo hili kwa sehemu kubwa halitokani na umaskini wa vyombo. Linatokana na mahali tunapoiweka maiki, na mahali hapo tunapachagua kutokana na namna tunavyomfikiria yule anayeimba.

Sisi tulio katika masomo ya falsafa tumefundishwa kuanza na swali la kitu ni nini. Basi, mtu anayeimba huku akipiga gitaa ni nini? Wengi wanajibu, bila hata kujua kwamba wamejibu, kuwa ni vyanzo viwili vya sauti: mdomo huku, sanduku la mbao kule. Aristotle, katika kitabu chake kuhusu roho, anasema sauti ya kiumbe si kila mlio unaotoka mwilini. Kikohozi ni mlio tu. Sauti ni mlio wa chenye roho, wenye kubeba maana. Tukimfuata hapo tunaona kwamba mkono unaopiga nyuzi na koo linaloimba vinaongozwa na nia ile ile moja. Anayepiga gitaa huku akiimba hulegeza mkono anapofika kwenye neno zito, husubiri pumzi, huongeza nguvu kiitikio kinapokaribia. Ni tendo moja la mtu mmoja. Ukilirekodi kama matendo mawili, unapata matendo mawili.

Desturi iliyoenea ndiyo hiyo ya kugawa. Gitaa linachomekwa waya, maiki inabanwa midomoni, kila kimoja kinapita njia yake hadi kwenye miksa. Studio nyingi zinakwenda mbali zaidi: mwimbaji apige gitaa kwanza, halafu avae spika za masikioni aje kuimba juu ya gitaa lake mwenyewe lililokwisha kurekodiwa. Tunamkumbuka mzee mmoja katekista, ambaye nyimbo zake zinaimbwa katika vigango kadhaa, aliyepelekwa mjini na wajukuu wake ili arekodiwe. Walimwomba apige gitaa bila kuimba. Hakuweza. Mikono yake imezoea kufuata maneno. Maneno yakiondoka, mikono haijui iende wapi. Mwishowe gitaa likapigwa na kijana mwingine, zikaongezwa ngoma za kompyuta, na sauti ya mzee ikanyooshwa kwa programu. Tulipoisikiliza rekodi pamoja naye alitikisa kichwa, akasema, "Mafrateri, wimbo ni wangu, ila huyu simjui."

Wazee wa namna hii hawako wengi, na nyimbo zao hazijaandikwa popote. Ndiyo maana jambo hili kwetu si mchezo wa wapenda mitambo.

Wapo watakaosema kwamba bila kutenganisha huwezi kupata rekodi nzuri. Historia yetu wenyewe inakataa. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka sehemu kubwa ya Afrika akirekodi muziki, alimrekodi Mwenda Jean Bosco mjini Jadotville, ambao leo unaitwa Likasi, kule Katanga. Bosco alikuwa kijana, akiimba kwa Kiswahili cha kwao na kulipiga gitaa kwa kidole gumba na cha shahada. Tracey alikuwa na mazoea ya kuishika maiki mkononi yeye mwenyewe, akiisogeza kufuata kile alichotaka kisikike, badala ya kutegemea vitufe baadaye. Miaka zaidi ya 70 imepita, na wapo wapigaji gitaa wa Ulaya wanaoketi na rekodi za Bosco, hasa "Masanga", wakijaribu kuufuata mkono wake. (Nani alinufaika na rekodi za zama zile za ukoloni ni mjadala mwingine, wala si mdogo.) Sauti ya mtu na gitaa lake vimekaa pamoja humo kama vilivyokaa siku ile.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Mwimbaji aketi kwenye kiti kisicholia na kisicho na mikono. Maiki isimame mbele yake umbali wa kama nusu mita, kimo chake kikiwa kati ya mdomo na gitaa, tuseme usawa wa kifua cha juu au kidevu. Huo ni mwanzo tu. Mwache aimbe ubeti mmoja, vaa spika za masikioni, sikiliza. Je, maneno yanatoka? Kama gitaa limezidi, usiguse kitufe chochote. Inua maiki kwa upana wa kiganja na uielekeze mdomoni zaidi. Kama gitaa limefifia, ishushe. Kama vyote viwili viko mbali na chumba kinasikika kuliko mtu, isogeze mbele. Sentimita kumi zinabadilisha mengi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu ya sauti inayoifikia maiki hubaki robo tu.

Kosa tunaloliona mara nyingi kuliko yote ni kuielekeza maiki kwenye tundu la gitaa. Inaonekana ni akili ya kawaida: sauti si inatoka tunduni? Lakini hewa iliyomo ndani ya sanduku la gitaa ina mtetemo wake yenyewe, karibu na mara 100 kwa sekunde, na inapumulia kwenye tundu hilo. Maiki ikikaa hapo inapokea mvumo, na mvumo huo unazifunika nyuzi nyembamba pamoja na maneno. Gitaa husikika vizuri pale shingo inapoungana na sanduku, karibu na freti ya 12 au ya 14. Hivyo hata kwa maiki moja, mwimbaji ageuke kidogo sana ili sehemu hiyo ndiyo iitazame maiki, si tundu. Na rozari ivuliwe shingoni kwa dakika hizo chache, au iingizwe ndani ya shati. Tumekwisha sikia misalaba mingi ikigonga mbao katikati ya Zaburi ya Mchungaji Mwema. Vifungo vya shati navyo vina dhambi hiyo hiyo.

Hapa ndugu msomaji anaweza kuuliza: kwa nini tusiweke maiki mbili, moja ya sauti na moja ya gitaa, ili tuweze kuzirekebisha baadaye? Swali ni zuri na tulijibu kwa uangalifu, maana mbili si haramu.

Sauti husafiri hewani takribani mita 343 kwa sekunde. Sauti ya mwimbaji haiingii kwenye maiki yake tu. Inaingia pia kwenye maiki ya gitaa, ila imechelewa. Njia ya pili ikiwa ndefu kwa sentimita 34, ucheleweshaji ni sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ni kidogo mno kwa sikio kukitambua kama mwangwi. Lakini ukizichanganya sauti hizo mbili, mawimbi yenye mitetemo 500 kwa sekunde yanakutana moja likipanda na jingine likishuka, yanafutana. Vivyo hivyo ya 1500, ya 2500 na kuendelea. Hayo ndiyo maeneo ambamo irabu zetu zinatofautiana. Matokeo yake sauti inakuwa nyembamba, yenye mashimo, kana kwamba mtu anaimbia ndani ya bomba. Na kwa kuwa mwimbaji hutikisa kichwa, mashimo nayo yanahama. Hakuna kitufe kinachoweza kuziba shimo linalohama.

Mafundi wana kanuni ya tatu kwa moja: umbali kati ya maiki mbili uwe angalau mara tatu ya umbali wa kila maiki na chanzo chake. Kwa mtu aliyeketi, mdomo na gitaa vimeachana kama nusu mita hivi. Piga hesabu: kila maiki inapaswa kukaa sentimita 17 au pungufu kutoka kwenye chanzo chake. Yaani maiki mbili zinakulazimisha ukaribie, na kukaribia kuna gharama yake. Maiki nyingi zinazotumika makanisani ni zile zinazosikia zaidi mbele na kuwa karibu viziwi nyuma, na kwa aina hiyo kadiri unavyosogea ndivyo sauti nzito inavyozidi. Baritoni wa kawaida anageuka simba.

Basi, mwenye maiki mbili afanye hivi. Ya sauti iwe chini kidogo ya kidevu ikitazama juu mdomoni, ya gitaa itazame chini kwenye maungio ya shingo, ili kila moja isielekee kule kusikoihusu. Ziko pia maiki zinazosikia mbele na nyuma lakini ni viziwi ubavuni, ambazo mchoro wake hufanana na namba nane. Hizo unaweza kuuelekeza ubavu wa moja kwenye gitaa na ubavu wa nyingine mdomoni, na utengano wake ni mzuri ajabu. Ni ghali, na sijui ni parokia ngapi zitanunua mbili kabla ya kumaliza paa. Zaidi ya yote, kabla mwimbaji hajaondoka, sikilizeni mchanganyiko kupitia spika moja ya simu. Waamini wetu wengi ndivyo watakavyosikiliza, na huko ndiko mashimo yanakojitokeza.

Kuhusu simu: wengi wenu hamna maiki kabisa, nanyi msijione mmeachwa nyuma. Simu nayo ni maiki moja, na kanuni ni zile zile. Usiishike mkononi, usiilaze mezani. Isimamishe juu ya kiti au rundo la vitabu (visiwe Misale, tafadhali), upande wake wa chini ukimtazama mwimbaji, kwa sababu katika simu nyingi maiki kuu iko hapo. Ibadilishe kuwa bila mtandao ili isilie katikati. Na kama programu ya kurekodi inaruhusu kuzima marekebisho ya sauti ya kujiendesha, yazime. La sivyo kila mwimbaji anapovuta pumzi simu inafikiri amenyamaza, inaongeza nguvu, na kuku wote wa jirani wanaingia kwenye zaburi.

Chumba kina neno lake. Kanisa la kigango lenye sakafu ya saruji, kuta tupu na paa la bati ni zuri kwa kuimba pamoja, ila kwa maiki iliyo mbali ni shimo la mwangwi. Silabi ya kwanza inakuwa bado inazunguka darini ya tatu inapotamkwa, na Kiswahili, lugha ambayo silabi zake karibu zote zinaishia na irabu, kinaumia sana hapo. Sisi tunapendelea sakristia. Kabati la kanzu likiwa wazi nyuma ya mwimbaji, na blanketi mbili zikiwa zimetundikwa ubavuni, kunatulia kuliko studio kadhaa tulizoziona. Wala hatusemi mwangwi wote ni adui. Kidogo unampa mwimbaji ujasiri. Ila afadhali kuuongeza baadaye, kwa kuwa ukishaingia hautoki.

Turudi kwenye jambo la ukaribu, maana hapo ndipo tunapotofautiana na marafiki zetu wengi. Mtindo wa sasa, hata kwa nyimbo za ibada, ni maiki iliyo sentimita tatu nne kutoka mdomoni, kila pumzi ikisikika, kila mkwaruzo wa koo. Wanasema hivyo ndivyo wimbo unavyogusa. Ni kweli unagusa. Swali ni nini kinachotugusa. Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha kumi cha Maungamo, anakiri kwamba zilikuwapo nyakati alipoguswa na uimbaji kuliko na kile kilichoimbwa, na nyakati hizo alijihesabia kosa, akatamani afadhali asingemsikia mwimbaji. Hakuukataa wimbo, anakiri pia machozi aliyoyatoa kwa nyimbo za Kanisa alipokuwa akiirudia imani. Alikuwa anapima tu. Nasi tunadhani mnong'ono wa sikioni unampa msikilizaji urafiki na koo la mwimbaji ambao zaburi haikuuomba. Wimbo wa katikati huimbwa kwa kusanyiko, kutoka kwenye mimbari, na mtu aliyesimama. Rekodi yake iwe na umbali wa mtu anayesema nawe akiwa ameketi kiti cha pili, si wa mtu aliyelaza kichwa begani kwako. Nusu mita inatoa hivyo hasa.

Kwa upande wa pili, Kanisa halitaki maneno yapotee kwenye ukungu. Hati ya Musicam Sacram ya mwaka 1967, inaporuhusu ala kuwasindikiza waimbaji, inaweka wazi kwamba mlio wa ala usizifunike sauti hata matini ikawa vigumu kusikika. Sharti hilo liliwekwa kwa ajili ya liturujia, si kwa ajili ya simu, lakini hatuoni sababu ya kulisahau tunapobonyeza kitufe chekundu. Mtume Paulo anawaambia Warumi kwamba imani hutokana na kusikia. Mgonjwa aliye kitandani anayetumiwa zaburi ya Jumapili kwa simu hana karatasi ya kufuata maneno. Asiposikia, amepata muziki tu.

Tunajua hoja za upande mwingine, na baadhi zina uzito. Rekodi ya maiki moja haina marekebisho: mwimbaji akikosea noti, wimbo mzima unarudiwa. Kweli. Lakini zaburi ya dakika nne ikirudiwa mara tano ni dakika ishirini, na kwa kawaida ya nne ndiyo inayotoka vizuri, mikono imepata joto na woga umekwisha. Vijana wa VIWAWA wanatuambia pia kwamba bila bezi na ngoma hakuna atakayesikiliza. Pengine. Ila mwenye kutaka bezi na ngoma aziweke kwenye nyimbo zilizotungwa kwa bezi na ngoma, wala hatutamzuia. Na hatuzungumzii jukwaa la jubilei lenye watu elfu uwanjani. Huko chomeka waya kwenye gitaa, sogeza maiki mdomoni, upepo na spika havikuachii hiari.

Tunachowaomba maparoko na viongozi wa kwaya ni kitu kidogo. Kabla hamjachangisha fedha za kumpeleka mwimbaji wa gitaa mjini, nunueni stendi moja imara na maiki moja ya wastani, na mtafuteni kijana mwenye masikio na subira. Wenzetu waseminari mnaojiandaa kwenda likizo na mazoezi ya kichungaji, ulizeni kigangoni nani anapiga gitaa na kuimba nyimbo alizozitunga mwenyewe. Mara nyingi ni mzee anayeketi benchi la nyuma. Mrekodini, na mwanzoni mwa rekodi mwombeni aseme jina lake, kigango chake na mwaka alioutunga wimbo, kwa sauti yake mwenyewe. Hifadhini nakala katika mfumo usiobanwa, muda wa kubana kwa ajili ya kutuma utakuwapo.

Wakati mzuri ni asubuhi, baada ya masifu na kabla jua halijapasha bati, maana bati likipata joto hutoa mlio wa kupasuka ambao maiki nzuri huusikia vizuri kuliko sisi. Msimu wa mvua, ahirisheni.